Neno Moja kwa Watu wa Gesi

Gesi haiji. Naanza na hilo ili nisikuweke roho juu kama nilivyowekwa mimi. Kile kituo cha gesi kilichokuwa kijengwe kijijini kwa mama yangu, chenye matangi makubwa na gati refu la kutia meli, hakijengwi tena. Wenye mradi wamefunga virago wamekwenda zao. Mama yuko kwake anasuka mkeka. Mimi nimerudi kulala usingizi wa pono, na nimerudi kunenepa pia, jambo ambalo kila mtu hapa Amu ananiambia bila kuulizwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa mjini. Watu husema nina mdomo na nina hasira za haraka, na hawakosei, vyote viwili nimevirithi kwa mama. Yeye alizaliwa hapa hapa Amu, katika nyumba ya mawe, akaolewa na baba yangu, mtu wa kijiji kilichoko ng'ambo, mwendo mfupi kwa boti ya mashine. Kijiji chenyewe sikitaji jina kwa sababu wenyewe wamesema yatosha walivyotajwa. Mama alihamia huko na masanduku yake na Kiamu chake, Kiswahili cha hapa Amu. Masanduku yameliwa na mchwa. Kiamu hakijaguswa hata kidogo.

Baba amezikwa huko, nyuma ya msikiti. Ukisimama kwenye mlango wa jikoni kwa mama unaliona kaburi lake, na kila Ijumaa mama husimama hapo akamsomea Fatiha, mkono mmoja umeshika mwiko. Tangu baba afariki nimekuwa nikimwambia ahamie kwangu mjini, apate hospitali karibu, apate umeme. Jibu lake ni moja tu: "Na huyu nimwate na nani?" Kuata kwetu ndiko kuacha. Basi sote huendelea kupepeta mchele.

Sasa hiyo gesi. Sisi hapa tulielezwa kwamba gesi asilia ikitoka ardhini hupozwa kwa baridi kali kuliko barafu mpaka inageuka maji, ndipo inapotiwa kwenye meli ikauzwa nchi za nje. Kabla ya meli hukaa kwenye matangi pwani, na kuzunguka matangi hayo lazima pawe na eneo ambalo mtu haruhusiwi kuishi, kwa ajili ya usalama. Katika ramani eneo hilo lilichorwa kama duara. Ndani ya duara mlikuwamo msikiti, kisima, makaburi, na jiko la mama yangu. Mama mwenyewe alipoelezwa habari za gesi aliangalia kwanza ule mtungi mdogo niliomnunulia apikie, ambao mpaka leo ameuweka nje ya nyumba, kaufunika kanga kuukuu, hausogelei. "Huo moya nauogopa," alisema, "wao wataka kuweka mingapi?"

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo. Kituo kikijengwa, mama anahamishwa, na baba anabaki peke yake ndani ya uzio wa watu wengine.

Habari iliyonitoa roho niliipata shuleni, wakati wa mapumziko. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameweka redio kwenye simu, na mimi nilikuwa na hamri mkononi. Msomaji wa habari akakitaja kijiji chetu. Akasema wenyeji, kwa kinywa cha mama mmoja mzee aliyeheshimika, wamewaeleza wataalamu wa mradi wa gesi kwamba wao wameshatoka, na kwa hivyo ardhi hiyo haina watu. Hamri lilinipalia. Mama mmoja mzee aliyeheshimika na mwenye kusemea wenzake kijijini kule ni mmoja, namjua vizuri, nilikaa tumboni mwake.

Nilipandisha mori. Mama huyu amekataa kwenda Mombasa kutibiwa jicho, amekataa kuhamia kwangu, arusi ya mjukuu alihudhuria siku moja akarudi, leo anawaambia wageni kwamba ametoka? Tena bila kunambia mimi? Nikapiga simu. Simu ya mama haikupatikana, na hilo si ajabu, yeye huitundika kwenye msumari ikakaa bila chaji mpaka jirani mwenye sola aikumbuke. Nikampigia kaka yangu aliyeko Faza, anayeendesha pikipiki za kubeba abiria. Yeye hajui kukasirika.

"Kama ametoka," alinambia, "yuko wapi basi? Kwangu hayuko."

"Na kwangu hayuko!"

"Basi hajatoka. Kunywa maji, dada."

Nilimkatia simu. Ijumaa, baada ya masomo, nikapanda boti.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nianze kwa upole halafu nipande, kisha nikabadilisha nikaona nianze huko huko juu. Nilimkuta mama kibarazani, miguu ameinyosha, miyaa imemzunguka, anasuka ukili kama siku zote. Hakuna kilichofungwa wala kilichopakiwa. Kuku walikuwa walewale.

"Mama, umewaambia watu wa gesi kwamba mmetoka?"

Akaniangalia juu chini. "Salamu umeiwata kwenye boti?"

Nikamwamkia. Akaitikia kwa urefu, makusudi, kisha akasema: "Mimi nitoke nende wapi? Si huyu mimi?"

"Redio imesema."

"Redio ina mato? Iliniona nikitoka?"

Nilikuwa bado nimesimama, nimefungua mdomo, ndipo watu wanne wakatokeza upande wa kisima. Walikuwa wamevaa gambuti, wamebeba fito zenye mistari na chombo cha kupimia, na mmoja ameshika kopo la rangi nyekundu. Tulikuja kugundua baadaye kwamba walikuwa wameshapiga alama kubwa kwenye ukingo wa kisima. Kiongozi wao, mtu wa bara, mwenye adabu zake, alipotuona alisimama ghafla. Akaangalia moshi wa jikoni. Akaangalia kuku. Akavua kofia.

"Samahani, mama," akamwambia mama yangu. "Nyinyi ni wageni hapa?"

"Wageni ni nyinyi. Karibuni."

"Asante. Ni kwamba tumeambiwa wenyeji wa hapa walishatoka."

Mama akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyepata hatimaye wa kumwelewa. "Hilo kweli, mwanangu. Tumetoka. Tena sana."

Mpimaji akatazamana na wenzake. "Sasa, kama mmetoka, mbona bado mko hapa?"

"Kwani mtu akitoka hufanyaje? Hukaa kitako."

"Lakini mtaondoka lini?"

"Tukende wapi," mama akauliza, na sauti ikaanza kumpanda, "na wewe mwenyewe waona tumetoka?"

Nilikuwa natazama hapa na pale, kama mtu anayetazama watu wawili wakivuta kamba moja na kila mmoja akidhani mwenzake anamsaidia. Kisha nikasikia. Nilisikia kwa masikio yangu haya, ambayo kazi yake kila siku ni kusikia jambo hilo hilo. Nikakaa chini kwenye miyaa ya mama bila kuangalia, nikavunja ukili wake, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Nieleze, kwa sababu si kila anayesoma ni wa huku. Katika Kiamu, pale penye ch ya Kiswahili cha shuleni mara nyingi pana t. Macho ni mato, nchi ni nti, kucheka ni kuteka. Na kuchoka ni kutoka. Mtu wa Amu akisema "nimetoka" huenda anakwambia kwamba amechoka. Ila tunalo pia lile neno jingine la kutoka, la kutoka mlangoni, na hatuyachanganyi, kwa sababu t zetu ni mbili. Kwa moja ulimi huwa mbele kidogo, kwa nyingine nyuma kidogo. Ukiniuliza ipi ni ipi itabidi niyatamke yote mawili kwanza ndipo nikujibu. Lakini tukisikia, tunajua, na mtoto wa miaka mitatu anajua. Mtu wa bara ana t moja tu, na kalamu pia ina t moja. Mimi mwenyewe darasani huwakata watoto alama kila mwaka kwa kosa hili: mtoto anaandika kwamba alicheza mpira mpaka akatoka, nami naweka mkwaju mwekundu, naandika pembeni, alitoka akaenda wapi?

"Mama," nikasema nilipopata pumzi, "hebu nambie. Siku ile waliyokuja, uliwaambia nini hasa?"

Akanisimulia, na majirani waliokwisha kujaa kibarazani wakamsaidia pale aliporuka. Kabla ya watu wa gesi walikuja watu wengine, na kabla yao wengine. Kuna waliokuja kuhesabu mikoko, waliokuja kuuliza habari za samaki, waliokuja kwa ajili ya barabara, na wote waliuliza yale yale: mko wangapi, mnakula nini, mnaonaje. Hakuna aliyerudi kusema alichokifanya na majibu. Watu wa gesi nao wakaja, wakiongozwa na bibi mmoja mtaalamu wa Nairobi, mpole, mwenye mwavuli, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Alikuwa na mkalimani, kijana wa bara mwenye Kiswahili safi cha vitabuni. Wakaeleza na kueleza. Wanawake walikaa kwenye mikeka barazani kwa madrasa wakisikiliza. Ilipofika zamu yao ya kusema, maji yalikuwa yanakupwa, na nahodha anaita kutoka pwani kwamba boti itakwama kwenye tope. Mkalimani, kwa haraka, akamgeukia mama.

"Mama, kwa neno moja tu. Wakaazi wanasemaje?"

Neno moja! Huyo ni mama yangu aliyeulizwa, mtu ambaye hawezi kukataa chai bila ya hadithi. Lakini alikuwa kweli hana la zaidi. Akasema: "Tumetoka."

Na wote waliokuwa kwenye mikeka wakasema naam, hilo ndilo. Cha ajabu, walinambia, yule bibi alipofasiriwa alifurahi sana, akamshika mama mkono kwa mikono yote miwili, akashukuru, akakimbilia boti. Wao wakabaki wakiulizana, mbona amefurahi hivi kusikia kwamba tumechoka?

Nilicheka tena hapo. Halafu kicheko kikanikauka, maana nilimwona yule mpimaji amelishika kopo lake la rangi na hacheki. Alikuwa ameelewa, na ameelewa zaidi yangu. Akatueleza kwamba neno lile lilishapanda juu. Wakubwa wameshalipokea, ramani imeshachorwa upya, na katika ramani mpya kijiji hiki hakimo kabisa, ni ardhi tupu. Hakuna wa kulipwa wala wa kuhamishwa, kwa sababu hakuna mtu. Kazi yake ilikuwa kuweka mipaka tu.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ile ya redio. Mtu anaweza kugombana na mtu anayemwambia ondoka. Lakini utagombana vipi na mtu anayesema hupo? Nilitazama mlango wa jikoni, nikalitazama kaburi la baba, nikaona jinsi mambo yanavyoweza kumalizika kwa herufi.

Mpimaji akalifunika kopo. Akasema kwamba yeye katumwa tu, lakini macho anayo, na hawezi kuweka mpaka jikoni kwa mtu. Akatwambia kuna kikao cha mwisho Amu wiki inayofuata, na huyo bibi wa Nairobi atakuwepo, na tukitaka kusema tukaseme huko. Akakataa chai. Mama akamlazimisha, akanywa.

Siku ya kikao boti ilijaa wanawake. Mama alivaa buibui lake la heshima, na ndani yake kanga ambayo hutolewa sandukuni kwa arusi. Nilikwenda kuwachukua mwenyewe, na njia nzima nikawa kazini. Mimi ni mwalimu, nilijua tatizo lilipo, na dawa yake niliiona rahisi.

"Mama, nakuomba jambo moja. Leo sema tumechoka. Basi. Cho. Cho-ka."

"Cho ni ya chooni," mama akasema.

Boti nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

"Mama, si mzaha. Ukisema lile neno lako tena wataandika vilevile. Mara moja tu, useme kama wao."

"Wao wamekuya kwangu. Mimi sikwenda kwao."

"Leo ndio unakwenda kwao!"

"Nakwenda Amu," akasema, na kugeuza uso upande wa maji. "Amu ni kwetu."

Hasira zikanipanda. Nilimwona kama mtu anayeweza kuipoteza nyumba yake, na kaburi la mumewe, kwa ukaidi wa ulimi. Nikajiambia kwamba nikifika nitasimama mimi, niseme mimi, yeye akae.

Ukumbini palikuwa na viti vya plastiki na chupa za maji mezani. Watu wa mjini walijaa, wenye maduka, wenye nyumba, mafundi, na upande wa pili maofisa, polisi wawili, walimu wenzangu wa bara. Ofisa aliyeongoza kikao alifungua kwa dua, kisha akampa nafasi yule bibi. Bibi akasema kwa Kiingereza, na mkalimani akafasiri, kwamba taarifa zao zinaonyesha wenyeji walisema wametoka, na leo anawaona wako hapa, kwa hivyo angependa kujua ukweli.

Nikainua mkono. Ofisa akaniona, lakini akasema: "Mwalimu, ngoja kidogo. Tumsikie mwenyewe aliyesema." Akamgeukia mama. "Bi, karibu. Tafadhali utuambie kwa Kiswahili sanifu ili sote tuelewe."

"Na hiki ninenacho ni mbwani?" mama akauliza, yaani ni nini.

Watu wa mjini wakaguna. Ofisa akajirekebisha haraka, akaomba radhi, akasema alikusudia wepesi tu. Na ili kufanya mambo mepesi, maskini, akauliza swali baya kuliko maswali yote ambayo angeweza kuuliza.

"Basi kwa kifupi, Bi. Mko, au mmetoka?"

Nilifumba macho. Akijibu tuko, wataandika kwamba amegeuza kauli. Akijibu tumetoka, yameisha. Na nilimjua mama yangu, kwamba aliloulizwa kwa dharau hulijibu kwa neno lake lile lile, hata moto uwake.

Mama alisimama. Hakushika maikrofoni aliyopewa, aliirudisha kwa kijana kama mtu anayerudisha kikombe. Akaweka sawa buibui.

"Siku ile mulitaka neno moya nikawapa neno moya," akasema. "Kumbe halikutosha. Yeo nawapa mawili." Akamtazama yule bibi wa Nairobi usoni, bila ubaya. "Tumetoka. Na hatutoki."

Upande wa watu wa mjini ukalipuka. Watu walicheka, walipiga makofi, mzee mmoja mwenye duka la vitambaa alipiga meza, wanawake wakapiga vigelegele. Upande wa pili walikuwa wanaangaliana. Walichosikia wao ni mtu anayesema kwamba wameondoka na hawaondoki. Niliona polisi mmoja akimuuliza mwenzake kwa mkono.

Bibi akamgeukia mkalimani. Mimi nilikuwa tayari nimesimama, chaki zangu zote nimezishika kinywani, nasubiri kufundisha t mbili mbele ya serikali. Lakini yule kijana alikuwa hamtazami bibi, alikuwa anamtazama mama, na midomo yake inacheza, anayajaribu maneno polepole bila sauti. Mara uso wake ukafunguka. Akajipiga kwenye paji la uso.

"Ni mimi," akasema kwa Kiswahili kwanza, ili sote tusikie. "Nilifasiri vibaya mimi. Hawakusema wameondoka. Wamechoka. Wamechoka, na hawaondoki." Kisha akamgeukia bibi akaliweka hilo kwa Kiingereza, pole pole, mara mbili.

Bibi aliweka mkono kinywani. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyeona shimo baada ya kulivuka, akaja mpaka alipokuwa mama, akamuuliza kwa Kiswahili chake kile, "Mimi choka wewe?" Mama akamjibu: "Wewe na wenzako, mwanangu. Lakini wewe una adabu." Nikakaa kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya redio nikashusha pumzi yote.

Siwezi kudai kwamba neno la mama ndilo lililoufukuza mradi. Kijiji kilirudishwa kwenye ramani, hilo nalijua, kwa sababu baada ya hapo walianza kuja tena na kuuliza mko wangapi. Kisha wakapungua. Kisha tukaambiwa rasmi kwamba eneo letu limeachwa. Walitaja sababu zao, bei ya gesi, kina cha maji, gharama, na mwishoni kwamba eneo lina watu. Mimi hizo nyingine nimewaachia wenyewe. Ile ya mwisho nimeichukua.

Siku niliyopata habari nilikuwa darasani. Niliwaambia watoto wafunge vitabu wakacheze, nikajifungia nikalia vizuri, kilio kile kinachokuacha mwepesi na mwenye njaa. Watoto nao walishajua kisa chote, maana mji huu hauna siri. Sasa wakiandika insha wananichokoza, kila mmoja anamalizia kwamba alitoka na hatoki. Bado nawakata alama. Mtihani hautungwi Amu. Lakini pembeni siandiki kitu.

Ijumaa hiyo nikapanda boti tena, safari hii bila maneno ya kupanga. Mama nilimkuta kisimani na majirani wawili, wanasugua ile alama nyekundu kwa mchanga na majivu. Ilikuwa imefifia lakini ipo, na naamini itakuwepo miaka mingi. Nikampa habari. Akasema alhamdulillahi, akaendelea kusugua. Kisha akasimama, akauliza: "Sasa wamekwenda wapi?"

Nikamwambia nimesikia boti yao imeonekana Ndau, lakini sina hakika.

Akafikiri. "Watu wa Ndau wana ulimi wao mwengine kabisa," akasema. "Mwambie kaka yako awapelekee habari. Wasikubali kujibu kwa neno moya."

Nilimpigia kaka pale pale. Alicheka, kama kawaida yake, lakini akasema atakwenda, na alikwenda kweli.

Baada ya alasiri mama alisimama kwenye mlango wa jikoni, akamsomea baba Fatiha. Aliisoma polepole kuliko siku nyingine, na alipomaliza hakugeuka mara moja, alibaki anatazama upande ule kama mtu aliyempa mwenziwe habari na anangoja aitikie. Nami nilikuwa nyuma yake nachambua mchele, naona mgongo wake, naona jinsi miezi hiyo ilivyoupinda. Akaingia ndani. Akaketi kitandani, akavua mtandio.

"Nimetoka, mwanangu," akasema.

"Basi toka, mama," nikamwambia, kwa t yake ile ile. "Toka utakavyo."

Akajinyosha, akafumba macho, akalala hapo hapo kwake, na mlango wa jikoni tukauacha wazi.